Kigoma Kusini: mbunge ni wa wananchi au wa chama?

Uchaguzi ukikaribia huku kwetu Uvinza, jimbo la Kigoma Kusini, maneno ni yale yale, mkichagua upinzani mtakosa barabara, na upande wa pili wanajibu mkichagua CCM mtapata mtu wa kugonga meza tu bungeni. Zote mbili zina ukweli kiasi ila historia ya jimbo haizibebi sana.

2010 chama cha upinzani cha NCCR-Mageuzi kilipata viti vinne tu vya majimbo nchi nzima na vyote vilitoka Kigoma: Machali Kasulu Mjini, Buyogera Kasulu Vijijini, Mkosamali Muhambwe na Kafulila huku Kigoma Kusini. Na sauti tuliipata kweli, 2014 Kafulila alivyolivalia njuga sakata la Escrow, zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow iliyokuwa Benki Kuu, nchi nzima ilimsikiliza. Lakini mama wa Kalya, kule mwambao wa Ziwa Tanganyika, anayengoja chombo ziwani ndo ampeleke mgonjwa mjini, Escrow haikumsogezea hospitali hata hatua moja, hilo lazima tulikubali.

Sasa wanaosema upinzani ni kukosa maendeleo waelezee daraja la Malagarasi, lilijengwa kwa mkopo wa Korea Kusini mbunge akiwa wa upinzani, likafunguliwa 2015. Ni kweli wa chama tawala mlango wa waziri anaufikia kirahisi zaidi, sibishi.

Kinachoniuma mimi ni Desemba 2011. NCCR walimvua Kafulila uanachama, na kwa Katiba yetu ibara ya 71 mbunge akipoteza chama anapoteza na kiti, yani kikao cha chama kinafuta kura za Nguruka, Ilagala mpaka Kalya na hakuna aliyewauliza kitu waliopanga foleni. Mahakama Kuu ndo ilimnusuru akabaki mpaka 2015. Wanaoitetea sheria hii wanasema bila hivyo wabunge wangenunuliwa kama samaki mwaloni, na hoja hiyo naiheshimu, aliyepigiwa kura kwa tiketi ya chama asiondoke nayo anavyotaka. Ila mbona kuhama kupo pale pale? Machali na Kafulila wote wameishia CCM, na 2020 majimbo yote ya mkoa yakaenda huko huko.

Kwangu mimi kama chama kinaweza kumwondoa mbunge katikati ya muhula basi na wapiga kura wapewe uwezo huo, na mgombea binafsi aruhusiwe, Mahakama ya Afrika pale Arusha ilishatamka 2013 kwenye kesi ya Mchungaji Mtikila kwamba kumzuia ni kuvunja haki.