Masahihisho madogo ya sheria yasipitishwe kwa jumla

Sheria ya ardhi ya Kongo (DRC) ya tarehe 20 Julai 1973 iliandikwa nchi ikiitwa Zaire, na kazi za waziri zikawekwa mikononi mwa "Commissaire d'Etat". Hapa Lubumbashi, wanaoshughulikia faili za viwanja wamezoea kusoma cheo kimoja na kuelewa kingine. Sheria ya namna hiyo imechakaa, na kuisafisha ni kazi ya wabunge.

Hatari iko kwenye ile sentensi moja fupi inayopendwa na waandishi wa miswada: "kila palipoandikwa hivi, pasomeke hivi." Chukua neno Katanga. Mwaka 2015 jimbo hilo liligawanyika kuwa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Ukiandika Haut-Katanga kila mahali penye Katanga, kifungu kilichogawa mapato au viti kwa jimbo lote la zamani kinaweza kuzinyima Kolwezi, Kamina na Kalemie haki yao, na hakuna mbunge aliyelipigia kura jambo hilo. Cour suprême de justice, mahakama ya juu ya zamani, ni vilevile. Katiba ya 2006 iligawa kazi zake kwa mahakama tatu: ya katiba, ya kasasyo (inayokagua kama hukumu zimefuata sheria), na Conseil d'Etat kwa kesi za utawala. Jina la kuweka linategemea kesi inayotajwa katika kifungu kile, kwa hiyo lazima mtu akae akisome.

Ndiyo maana kila badiliko liandikwe peke yake: namba ya kifungu, aya, neno linalotoka, neno linaloingia. Maandishi ya zamani yawekwe kushoto, mapya kulia, mbunge ayaone kwa macho yake. Kifungu kinachodai "leseni au risiti" kikigeuzwa kuwa "leseni na risiti", herufi chache tu zimebadilika, lakini muuzaji wa sokoni ameongezewa karatasi ya pili. Hilo si sahihisho, lijadiliwe kama sheria mpya.

Tutenganishe pia makosa ya uchapaji. Kama nakala iliyotiwa sahihi inasema faini ni faranga 50,000 na Journal Officiel, gazeti rasmi la serikali, imechapa 5,000, tangazo la erata (la kurekebisha kosa la uchapaji) linatosha. Ila nakala yenyewe ikisema 5,000, erata haina nguvu ya kuongeza sifuri. Wabunge wapige kura, na faini kubwa isimguse aliyetenda kosa kabla yake.

Namba za vifungu zisisogezwe. Kifungu cha 9 kikifutwa, namba ibaki na neno "kimefutwa". Ukivuta vya nyuma viende mbele, kila mkataba, amri na hukumu iliyotaja kifungu cha 14 itaelekeza mahali pasipostahili. Cha kuongeza kipewe namba ya kilichotangulia pamoja na neno "bis", kama sheria ya 2018 ilivyofanya katika sheria ya madini (Code minier) ya 2002.

Kura ikishapita, ichapwe sheria nzima iliyosahihishwa, siyo karatasi ya mabadiliko tu ambayo mtu lazima aishike mkono mmoja na sheria ya zamani mkono wa pili. Kifungu cha 142 cha Katiba kinaipa serikali siku 60 tangu sheria kutiwa sahihi na Rais kuisambaza kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa. Kiswahili ni mojawapo, na neno lililosahihishwa kwa Kifaransa lisahihishwe siku hiyohiyo kwa Kiswahili.