Waya wa Milioni Nne

Mimi ni fundi sauti. Studio yangu iko Sinza, chumba kimoja uani, kuta nimezibandika magodoro machakavu na trei za mayai. Trei za mayai hazizuii sauti, nalijua hilo vizuri. Zipo kwa ajili ya wateja. Bila kuziona hawaamini kama wameingia studio.

Jumamosi moja rafiki yangu anayefunga spika kumbini akaniambia kuna watu wanaonyesha miziki ya kishua kwenye hoteli huko Masaki, twende nikasikie wenzangu wanavyoishi. Nikapiga pasi shati. Kitochi changu nikakizima mlio, kwa ustaarabu tu, maana spika yake ya sikioni ilikufa tangu masika, napokea kwa laudi na mambo yangu yote mtaa unayajua.

Chumbani tukakuta spika mbili zinazonizidi kimo na amplifaya ya valvu, zile taa za kioo za redio za mababu, zinawaka rangi ya machungwa. Waya wa spika mnene kama mpira wa kumwagilia bustani, na haukulazwa chini. Kila hatua umewekewa kigoda kidogo cha mbao, usije ukagusa zulia.

"Bei gani, kaka?"

"Milioni nne."

"Pamoja na spika?"

"Waya."

Mimi waya nanunua Kariakoo kwa mita, na muuzaji akiamka vizuri ananiongezea nusu. Huyu akanieleza kwamba ukiwa mpya sauti yake bado haijatulia, lazima upitishiwe muziki saa 200 kwanza. Miaka yote ya kurekodi watu, sijakutana na waya unaowekwa ndani kama mwali.

Sasa, mafundi tuna tabia moja. Tukiingia chumba kigeni tunapiga kofi kusikia mwangwi. Nikapiga moja, pa! Wazee waliokaa mbele wakadhani maonyesho yamefunguliwa, wakaanza kupiga makofi. Muuzaji akainamisha kichwa, akashukuru, akanikalisha kiti cha katikati kama mgeni rasmi. Kabla ya kukaa nikainama kuzitazama zile valvu. Kitochi kikataka kuchomoka mfukoni, nikakiweka rafuni, kando ya pleya ya santuri.

Mzee mmoja mwenye baraghashia alikuja na santuri yake ya dansi ya miaka ya 1970. Sindano ikashuka. Jamani, hapo nilinyamaza. Nilimsikia mpiga solo akitelezesha kidole kwenye waya wa gitaa. Nyuma ya tumba kuna mtu alikohoa, akajizuia. Enzi zile bendi inapiga yote kwa pamoja, mmoja akikosea mnaanza upya, kwa hiyo yule bwana alikibana kikohozi kwa ajili ya wenzake. Nilikuwa karibu kutoa machozi.

*Tiriti-tiriti-tiriti, trrrrr.*

Nikasimama. "Samahanini, mimi ni fundi. Hiyo ni ethi, ule waya wa kwenda ardhini." Nikawapa na somo: sindano ya santuri inatoa kama volti 0.005 tu, nyingine hata chini ya hapo, ndiyo maana inakuzwa mno na uchafu wowote ukiingia unakuzwa nao. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Muuzaji akazima mitambo, tukangoja valvu zipoe, akazichomoa moja moja na kuzifuta kwa kitambaa kama anamfuta mtoto mchanga. Tukawasha. *Tiriti-tiriti.*

"Basi ni transfoma," nikasema, nikajitupa chini ya meza na shati langu la pasi. Mguu ukapiga kigoda cha kwanza, nacho kikaangusha cha pili, mpaka waya wa milioni nne ukalala wote juu ya zulia. Muuzaji alishika kifua. Sauti, niseme ukweli, haikubadilika hata kidogo.

*Tiriti-tiriti-tiriti.*

"Kijana," yule mzee akaniita, "hiki kinachowaka huku rafuni ni cha nani?"

Nikaganda hukohuko chini. Simu ya 2G, kama kitochi hicho, ikiitwa hurusha mapigo 217 kwa sekunde, na kifaa chochote cha sauti kilicho jirani kinayadaka. Hili namfundisha kila kijana anayekuja studio. Nimebandika na karatasi mlangoni: ZIMA SIMU.

"Shikamoo mzee, ni changu, naomba usi..."

Alishabonyeza.

"Fundi!" Laudi ikajaza chumba kizima. Ni mteja wangu wa singeli. "Nimekupigia mara tisa! Ule wimbo una kelele, ubeti wa pili wote unalia tiriti-tiriti-tiriti, imetoka wapi?"

Hakuna aliyepumua. Mzee akakisogeza kitochi mdomoni.

"Mwanangu," akasema, "fundi wako yuko chini ya meza, anaitafuta."