Uholanzi: bangi ya mlango wa mbele na ya mlango wa nyuma

Mtu wa Pwani akiona kibao cha "coffeeshop" mjini Amsterdam asitarajie kahawa chungu na kashata. Humo inauzwa bangi. Wageni wengi huondoka wakiapa kwamba Uholanzi bangi ni halali, na hapo ndipo ubishi wote unapoanzia kombo. Tangu sheria ya dawa za kulevya ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1976, kuuza bangi kumebaki kosa, ila dola hulifumbia macho kwa masharti, ambayo siku hizi ni haya: duka lisijitangaze, lisiuzie aliye chini ya miaka 18, lisiguse dawa za kulevya kali, lisisumbue majirani, lisimpe mteja zaidi ya gramu 5 kwa siku, na lisiwe na akiba inayozidi gramu 500.

Hiyo 500 hainitoki kichwani. Gawa kwa 5: wateja 100 tu wakichukua kiwango chao kamili, duka limekauka. Kwa duka la mjini lenye foleni, hiyo si hesabu ya siku nzima. Kwa hiyo lazima awepo kijana anayekwenda na kurudi na begi mgongoni, akitoka kwenye chumba ambako mzigo umefichwa. Barabarani ni mhalifu. Akishavuka kizingiti na kuupanga mzigo kwenye makopo, ni mfanyakazi wa biashara inayolipa kodi ya mapato. Na aliyemuuzia tajiri wake kwa jumla? Huyo hana jina wala stakabadhi. Kuuzia wateja kwa mlango wa mbele kunafumbiwa macho, kununua mzigo kwa mlango wa nyuma ni kosa: Waholanzi wenyewe huliita tatizo la mlango wa nyuma. Sisi tungesema serikali inauma huku inapuliza.

Nyuma ya mlango huo hali ni mbaya. Miche hukuzwa kwenye madari ya nyumba za kupanga, chini ya taa kali, kwa umeme wa kuiba, na nyaya zilizounganishwa ovyo huwaka moto majirani wakiwa wamelala. Majira ya baridi, paa moja lisilo na theluji, iliyoyeyushwa na joto la taa, katikati ya mengine meupe limewahi kuwapeleka polisi moja kwa moja mlangoni.

Ndiyo maana naona jaribio la serikali linaloendelea sasa, la kuwapa leseni wakulima wa kuyauzia maduka hayo, linalaumiwa kwa lisilolitenda. Lilianza Breda na Tilburg Desemba 2023. Tangu tarehe 7 Aprili 2025, coffeeshop za manispaa 10 zinazoshiriki, zikiwemo Groningen, Nijmegen na Maastricht, zinatakiwa kuuza bangi ya wakulima wenye leseni. Wapinzani wanasema serikali imegeuka mkulima wa bangi. Lakini haikuongeza duka wala kushusha umri wa mteja. Ilichofanya ni kumvua barakoa muuzaji wa jumla: bangi inapimwa maabara, inafungwa kwenye pakiti yenye lebo ya nguvu yake, na safari yake inafuatiliwa kutoka shambani hadi kaunta. Duka nalo limeruhusiwa akiba ya wiki nzima, kwa hiyo kijana wa begi hana kazi tena.

Wanaopinga wana hoja moja nzito, tena siipuuzi: sehemu kubwa ya bangi inayolimwa Uholanzi kwa siri huvushwa kwenda nchi nyingine, na mhalifu anayeuza nje hapungukiwi chochote kwa sababu duka la Tilburg limepata pakiti zenye lebo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 wa kudhibiti dawa za kulevya, bangi ikiwemo, nao upo palepale. Hata baadhi ya benki zilisita kuwafungulia akaunti wakulima hao wenye leseni ya serikali yenyewe!

Ila kipimo kigumu kimekuja kutoka kwa wateja. Wavutaji wa hashishi, yaani utomvu wa bangi ulioshindiliwa, wamezoea ya Morocco, na ya wakulima wa ndani waliiona haina ladha ile, tena haitoshi. Serikali ikalegeza kamba, maduka yakaruhusiwa kuendelea kwa muda na ile ya zamani. Kwa miezi hiyo kaunta moja iliuza bidhaa mbili: upande huu pakiti yenye lebo na mkulima anayejulikana, upande ule kipande cheusi kilichoingia kwa mlango uleule wa nyuma.