Yao iko jumba la makumbusho, yetu iko topeni

Kila mgeni akinijia hapa Stockholm nampeleka kuiona Vasa, meli ya kale ya Waswidi iliyo kwenye jumba la makumbusho. Safari hii alikuja mjomba, mtu aliyezeekea kwenye kukalafati majahazi. Ukumbini mle mna kigizagiza na ubaridi. Mjomba akaitazama meli omo hadi tezi, kisha akauliza: "Hii mdudu hakuila vipi?"

Swali la fundi. Vasa ilizama bandarini humu humu tarehe 10 Agosti 1628, safari yake ya kwanza, haijamaliza hata kilomita moja na nusu. Ikalala chini miaka 333, ndipo ikaopolewa. Maji ya Baltiki yana chumvi kidogo, na yule mdudu mtoboa mbao hayawezi. Misumari ya chuma ikaliwa na kutu, mbao zikabaki.

Kwetu Mombasa maji ni vuguvugu, chumvi tele, na mdudu ndiko kwake. Santo António de Tanná, manowari ya Wareno iliyoundwa India kwa mbao za msaji, ilizama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697, Waomani wakiwa wameizingira ngome. Mbao zilizobaki wazi zililiwa. Kilichosalia ni sehemu ya chini iliyofunikwa na tope. Tope ndilo deheni yake, yale mafuta ya kupaka chombo kisiliwe na mdudu. Wapiga mbizi waliichimba 1977 hadi 1980, vyombo wakavitoa, mbao wakazifukia tena.

Hapo ndipo jamaa zangu wa huku hunikera: "Wenzetu wanatunza, sisi tumetupa." Nani katupa? Mbao iliyolowa karne tatu ukiianika hujikunja na kupasuka. Vasa ilinyunyiziwa dawa miaka 17 ili isinyauke, na bado asidi iliyojikusanya ndani ya mbao inawasumbua wataalamu, mitambo ya kupoza hewa haizimwi. Hebu fikiria bili ya umeme hiyo na joto letu la kaskazi. Kuifukia ilikuwa akili, si umaskini.

Ninachowaonea wivu Waswidi ni kwamba mtoto wao wa shule anaijua meli yake. Mimi nimeogelea pale chini ya ngome utoto wangu wote, wala hakuna aliyeniambia nini kimelala chini.

Tukingoja basi, mjomba akasema akirudi ataenda ngomeni kuitazama ile yetu. Nikamwambia, mjomba, hakuna cha kuona pale, ni maji tu.

"Hayo hayo maji," akasema.