Kituo cha kutibu kiwewe si mahali pa kupumzikia

Wengi wakisikia mgonjwa wa kiwewe, yaani hofu inayomganda mtu baada ya tukio baya, kapelekwa kulazwa kituoni, hudhani kaenda kupumzisha akili: hewa safi, chakula tayari, mbali na kelele za nyumbani. Mimi naamini matibabu hayo yanafaa kwa sababu nyingine kabisa. Yanamziba mgonjwa njia za kukwepa.

Kukwepa ndiko kunakoulea ugonjwa huu. Aliyenusurika ajali ya basi hapiti tena barabara ile, na wenzake wakianza kuisimulia anainuka. Kila anapokwepa anapata nafuu ya muda, na ubongo wake unazidi kuamini kwamba kumbukumbu yenyewe ni hatari. Mtu wa namna hii ukimpa miadi ya saa moja kwa wiki, anatonesha kidonda Jumatatu, kisha ana siku sita za kukifunika. Wiki ijayo ana dharura kazini. Wengi huachia hapo, wala siwalaumu.

Uholanzi kuna kituo kiitwacho PSYTREC kilicholielewa hili. Mgonjwa hulazwa siku nne, huenda nyumbani, kisha hurudi kwa siku nne nyingine. Asubuhi hufumba macho na kusimulia tukio lake baya kuliko yote kana kwamba linatokea sasa hivi: mlango unafunguka, nasikia harufu ya pombe. Akitaka kuruka kipande, mtaalamu humrudisha palepale. Alasiri huishika picha ileile akilini huku macho yakifuata kitu kinachokwenda kushoto na kulia. Akili hulemewa kuyabeba yote mawili, na picha hupungua makali. Kati ya vikao kuna mazoezi ya mwili na mafunzo kuhusu ugonjwa wenyewe.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba wataalamu hupokezana mgonjwa. Inaonekana kama ukatili, lakini hata mtaalamu hukwepa. Akishamzoea mgonjwa humwonea huruma, akapita mbali na panapouma.

Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2018. Kati ya wagonjwa 347, wengi wao waliofanyiwa ukatili wa kingono, walioacha katikati ni asilimia 2.3 tu. Kwa tiba nzito hivyo, takwimu hiyo inanishangaza kuliko hata idadi ya waliopata nafuu. Halafu kuna usiku: ndoto zikimtoa mgonjwa usingizini, yuko kwa watu wanaojua kilichompata, na chupa haiko karibu.

Hata hivyo, siku nane hazimtoshi kila mtu. City of Joy, kituo kilichofunguliwa mwaka 2011 pale Bukavu, mashariki mwa Kongo, huwaweka wanawake walionusurika ukatili miezi sita, nami naona ni sawa. Mwanamke ambaye waliomshambulia bado wanazunguka kijijini kwake haogopi kumbukumbu peke yake. Anahitaji kwanza usalama, wenzake, na ujuzi wa kumwezesha kujitegemea akitoka.

Hospitali zetu zikitaka kuanzisha huduma hii, fedha za kwanza ziende kwa wataalamu waliofunzwa na kutosha kupokezana. Tukianza na majengo na vitanda, tutabaki na wodi ambayo mgonjwa anameza dawa, analala, na kurudi nyumbani na hofu yake ileile.