Kisiki cha Kofia

Mjakaranda wetu ulikuwa na kisiki shinani, kimetokeza kama kidole kinachosonta watu. Nilikiacha mimi, mwaka uliotangulia, nilipokata tawi lililokuwa likikwaruza paa. Mke wangu aliponiuliza mbona kazi haijaisha, nikamjibu kwamba nimekiacha makusudi, pa kutundikia kofia. Ukweli mkono ulichoka. Na kofia yenyewe haikuwahi kutundikwa, maana kisiki kilikuwa juu kuliko nilivyoweza kufikia.

Ikaja dhoruba ya usiku. Asubuhi tukakuta tawi kubwa limevunjika katikati, ncha yake inaning'inia kwa ukanda wa gome na majani yanafagia ua. Mti umeelemea upande mmoja kama mtu aliyebeba ndoo moja.

"Baba watoto, mwite fundi."

"Fundi wa nini? Tawi tu hili."

Nikaiegemeza ngazi kwenye tawi lilelile, karibu na shina, nikapanda na msumeno. Anayejua kazi hii ameshaanza kucheka hapo. Tawi lenye mzigo huwa limepinda. Ukiutua mzigo, linainuka. Mimi nilikuwa nimeliegemea.

Nikakata kutoka juu. Sikuwa nimefika hata nusu, tawi likajimalizia lenyewe: likapasuka kwa sauti ya kanga inayochanwa, likaenda na utepe mrefu wa gome. Ncha ikaanguka chini. Sehemu iliyobaki ikajiinua taratibu, kwa adabu kabisa, kama kijana anayempisha mzee kiti, na ngazi yangu ikabaki imeegemea hewa.

Nilichokumbuka ni kulikumbatia shina. Ngazi ikaenda zake, nami nikaanza kuteleza, na katika kuteleza kile kisiki kikaingia chini ya shati langu, kikapanda na tumbo, kikapanda na kifua, kikanasa chini ya kidevu. Nikasimama hapo. Yaani nikaning'inia hapo, tumbo wazi, limegandana na gome, na lile gome halina huruma na ngozi ya mtu.

"Umeshika au umeshikwa?" mke wangu akauliza kutoka chini.

Kabla sijajibu akatokea mzee jirani, aliyetunza bustani za watu maisha yake yote. Nikamsabahi kutoka ndani ya shati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Hakunitazama mimi. Alitazama kisiki. "Nani alikata hivi?"

Nikanyamaza. Mke wangu hakunyamaza.

Basi nikapewa darasa nikiwa ubaoni. Mti, akasema, hauponi kama ngozi. Sehemu iliyojeruhiwa huizungushia ukuta kwa ndani, kisha huota nyama mpya pembeni kuifunika. Pale tawi linapotoka shinani pana uvimbe kama kola ya shati, na nyama hiyo hutoka hapo. Ukikata nje kidogo tu ya kola, jeraha hufungwa. Ukiikata kola yenyewe, umeuchuna mti. Ukiacha kisiki, ufunikaji unakwama, nacho kinakauka, kinaoza.

"Hiki, kwa mfano, kimeshaoza. Kinaweza kukatika wakati wo..."

Kikakatika. Nikatua kwenye rundo la matawi. Yule mzee hakusema "asiyesikia la mkuu", ila macho yake yalisoma methali nzima mpaka kwenye guu.

Kesho yake tulianza upya, mimi nikiwa mshika ngazi na yeye msemaji. Lile tawi lililochanika alilikata mara tatu. Kwanza kutoka chini, kama sentimita 30 kutoka shinani, theluthi ya unene tu, ili gome lisipate njia ya kuchanika. Pili kutoka juu, mbele kidogo ya hapo, tawi likadondoka bila kelele. Tatu akaondoa kipande kilichobaki, penye kola. Mabaki ya kisiki changu nayo yakapata haki yao.

Nikaleta kopo la rangi ya mafuta iliyobaki ya mlango, nipake majeraha. Akalifunika. Rangi haizuii kuoza, akasema. Baadaye nikasoma kwamba mtafiti wa Marekani, Alex Shigo, alipasua maelfu ya miti kutazama ndani ya majeraha yake, naye hakuona faida ya kuyapaka. Mzee hakuwahi kumsikia.

Nilitaka pia tupunguze upande wa pili, mti ukae sawa. Akakataa: usitoe zaidi ya robo ya matawi mabichi kwa mwaka, maana majani ndiyo jiko lake. Mjakaranda hasa ukiukata ovyo unakujibu kwa machipukizi yaliyosimama wima kama askari wa gwaride, na umbo lake zuri ndiyo kwaheri. Hata hivyo yalichomoza kadhaa. Aliyang'oa kwa mkono yangali laini.

Msimu ule maua yalikuwa haba, upande mmoja tu. Uliofuata, ua ulikuwa zambarau tupu. Pale palipokuwa na kisiki, kingo zimevimba na kujikunja, pamebaki kitundu katikati kama mdomo unaotaka kupiga mluzi. Mke wangu humpeleka kila mgeni akapaone. Maelezo yake huanzia kwenye tumbo langu, na maua huyafikia mwishoni, kama muda umebaki.