Kiingereza na Maswali Yake ya Polisi

Jamani, huu ung'eng'e wa tuisheni ya jioni umenichosha. Ada nimelipa, kauntabuku nimenunua, halafu ticha ananiuliza swali ambalo hata mke wangu hajawahi kuniuliza: unafanya sasa hivi, au ndiyo kawaida yako?

Maana kwa Waingereza husemi tu "nakunywa chai" ukaachwa uinywe. Kikombe kikiwa mkononi, ni prezenti kontinyuasi: "I am drinking tea." Ikiwa ni mazoea yako, hata kama saa hii unakoroma, ni prezenti simpo: "I drink tea." Sisi "-na-" yetu inabeba wote, kama daladala la Mbagala saa kumi na mbili jioni. Tukitaka kusisitiza mazoea, "hu-" ipo: mimi hunywa chai. Kwisha habari.

Nikamuuliza ticha, na umeme wa mtaani kwetu je? Unakatika sasa hivi, na kukatika ndiyo tabia yake. Niuweke wapi? Akasema nisilete siasa darasani.

Na kodi? "I pay rent" naona ni majigambo. "I am paying rent", hiyo ndiyo lugha yangu: jambo limeanza, linaendelea, mwisho wake anaujua Mungu. Laiti mwenye nyumba angesoma kontinyuasi, tungeelewana.

Halafu kuna hii S. Mbwa wakiwa wengi unawapa S: "dogs". Sawa. Sasa wabweke: "dogs bark", kitenzi kikavu. Abaki mmoja: "the dog barks", S imehamia kwenye kitenzi! Lugha imezunguka dunia nzima, kumbe ndani mwao S ni moja, wanaazimana.

Vingine ni vitenzi vyenye kiburi: "know", "want", "believe". Hivyo haviendelei. Mimi nataka pesa tangu Januari, mfululizo, bila hata mapumziko ya chai, lakini "I am wanting" ni kosa. Eti kutaka ni hali, si tendo. Waje waone ninavyotoka jasho nikitaka.

Na msidanganywe kwamba wakati uliopo upo. Basi la Mwanza linaondoka kesho alfajiri: "The bus leaves tomorrow." Simpo! Mimi abiria wake: "I am travelling tomorrow." Kontinyuasi! Basi lilelile, kesho ileile, basi liko simpo na mimi niliye ndani nipo kontinyuasi. Ticha anafafanua kwamba basi lina ratiba, mimi nina mipango tu. Huyu hajawahi kusubiri basi stendi.

Nikamkamata kwenye mpira. Mtangazaji wa Ligi Kuu ya Uingereza anapayuka "He shoots! He scores!" Goli linaingia sasa hivi, macho yetu yanaona, mbona simpo? Anajibu kwamba kwenye kutangaza mpira inaruhusiwa, mambo yanakwenda kasi. Kumbe! Ukiwa na haraka sheria inakaa benchi. Na mimi nina haraka, mbona nakatwa maksi?

Juzi katuletea zoezi la kujaza nafasi: "Look! The thief..." hapo uweke kukimbia. Sasa wewe umeona mwizi. Utafute "is", utafute "run", ubandike "-ing", halafu ukumbuke N ziwe mbili. Mwizi kashafika Kongowe, simu yako kashaiuza, wewe bado unahesabu N.